Kivuli kimoja, maneno mawili: barua ya mtembeza wageni wa Bagamoyo

"Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni hapa Bagamoyo, kuanzia Mji Mkongwe mpaka Magofu ya Kaole. Kiingereza nimesoma mpaka kidato cha nne na naelewana na watu, ila kuna maneno yananitesa kwa kufanana. Juzi kule Kaole jua lilikuwa kali, nikawaambia wageni 'let us sit in the shadow'. Mama mmoja akanisahihisha kwa upole kwamba ni 'shade'. Nilipofika nyumbani nikafungua kamusi: 'shade' kivuli, 'shadow' kivuli. Vivyo hivyo 'borrow' na 'lend', yote azima. 'Grave' kaburi, 'tomb' kaburi. Kwenye 'historic' na 'historical' ndiyo napotea kabisa. Rafiki yangu mmoja anasema Waingereza wenyewe hawatofautishi, ni maringo tu. Mwingine anasema kinachoniponza ni kufikiri kwa Kiswahili, niache. Mwezi ujao nina usaili kwenye hoteli moja ya kitalii. Nikariri orodha? Au kichwa changu ndicho kizito?"

Marahaba, mwanangu. Kichwa chako hakina kosa. Mtu anayerudi nyumbani jioni, amechoka, akafungua kamusi kutafuta alipokosea, huyo ana kichwa chepesi cha kujifunza. Unachokosa ni kitu ambacho kamusi yako haikutengenezwa kukupa: kila neno linafanya kazi gani, na wapi.

Rafiki zako wote wawili wana nia njema, lakini wamekosea. Waingereza wanatofautisha, ila si kwa ukali ule ule kila mahali. Kwenye "shade" na "shadow" hata mtoto wao mdogo hachanganyi. Kwenye "historic" na "historical" hata wasomi wao huteleza. Kwa hiyo usiyape maneno yote uzito mmoja. Na huyo anayekwambia uache kufikiri kwa Kiswahili anakunyang'anya chombo chako kizuri kuliko vyote. Kuna jozi nyingi za Kiingereza ambazo Kiswahili kimekwisha kukutenganishia tangu utotoni, wewe hujui tu kwamba unazijua. Kuna nyingine kinakupoteza. Kazi yako ni kujua ipi ni ipi.

Fikiria mgeni anayeingia sokoni kwenu na kamusi mkononi. Kaambiwa "coconut" ni nazi. Ana kiu, anaomba nazi ya kunywa. Wewe utamsikia na utajua hapo hapo kwamba anataka dafu. Kitale, dafu, koroma, nazi: Mwingereza anaona tunda moja, mtu wa pwani anaona manne. Hakuna aliyekukalisha chini akakukaririsha. Ulijua kwa kuona dafu linachongwa watu wanakunywa, nazi inakunwa, na koroma halifai vizuri kwa hili wala kwa lile. Uliyajua maneno hayo kwa kazi zake. Maneno ya Kiingereza yanayokutesa yanajulikana kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo maana orodha ya kukariri haitakusaidia sana.

Sasa tuingie kwenye hicho kivuli. "Shade" ni mahali. Ni pale ambapo jua halifiki, pana ubaridi, mtu anaweza kukaa. Hapana umbo na hapahesabiki. "Shadow" ni umbo. Lina mwenyewe, linafuata kitu, unaweza kulionyesha kwa kidole. Saa sita mchana chini ya ule mbuyu wa Kaole unakaa "in the shade". Saa kumi jioni, jua likiwa limeinama, nguzo ya kaburi inalaza umbo lake refu juu ya nyasi, na hiyo ni "shadow" ya nguzo. Ukitaka kupima, jiulize: naweza kusema "tupumzike hapo"? Basi ni "shade". Naweza kusema "kivuli changu kinanifuata"? Basi ni "shadow". Uwe mwangalifu na wingi: "shades" kwenye mazungumzo ya kawaida ni miwani ya jua.

Na kuna jambo litakalokutuliza moyo. Maneno hayo mawili zamani yalikuwa neno moja. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sceadu", nalo lilibadilika mwisho wake kulingana na nafasi yake kwenye sentensi. Umbo moja likazaa "shade", umbo la pili likazaa "shadow", na baadaye watu wakaligawia kila moja kazi yake. Kwa hiyo mababu wa huyo mama aliyekusahihisha nao waliishi na kivuli kimoja, kama sisi.

"Grave" na "tomb" zina asili nyingine. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa huku wananchi wakibaki na lugha yao. Maneno yakakaa pamoja, ya wenyeji na ya wageni, na mara nyingi la Kifaransa likaenda kwenye kitu chenye hadhi. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini anaitwa "cow", neno la mchungaji, na akifika mezani anakuwa "beef", neno lililotoka kwa mlaji. "Grave" ni la wenyeji: shimo alimozikwa mtu, mtu yeyote. "Tomb" lilikuja na Kifaransa, nalo linataka jengo: ukuta, nguzo, kuba, mawe yaliyopangwa. Yale makaburi ya nguzo ya Kaole ni "tombs", na ukiyaita "graves" hujakosea sana, ila umeyapunguzia heshima waliyoyajengea. Makaburi ya wamisionari wa mwanzo pale misheni ni "graves". Na magofu yenyewe yaite "ruins", kwa wingi daima. "Ruin" bila "s" kwenye mdomo wa mtembeza wageni huelekea kuwa kitenzi, kuharibu.

Tuje kwenye "borrow" na "lend", maana hapa ndipo penye siri ya makosa mengi. Kiswahili hubeba uelekeo wa tendo kwenye viambishi. Tunasema "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu", mzizi ni ule ule, na hiyo "ni" ndiyo inayotuonyesha kalamu inakwenda wapi. Kwenye "nimeazima" mimi ni mtenda. Kwenye "niazime" mimi ni mtendewa. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, kwa hiyo kimeweka neno zima kwa kila upande: anayepokea "borrows", anayetoa "lends". Ukitaka kusema "niazime", sema "lend me". Ukitaka kusema "naomba kuazima", sema "can I borrow". Usiseme "borrow me", kosa ambalo nalisikia kila mahali kuanzia Chalinze mpaka Tanga mjini.

Ukishaliona hilo, utagundua jozi nyingi zinafunguka kwa ufunguo huo huo. Kukumbuka na kukumbusha: "remember" na "remind". Kujifunza na kufundisha: "learn" na "teach". Kusikia na kusikiliza: "hear" na "listen to". Sisi tunabadilisha mkia wa neno, wao wanabadilisha neno lote. Kwa hiyo unapokwama, usimtafute Mwingereza anasemaje, anza kwa kulitamka la Kiswahili polepole na uangalie limeishia vipi. "Nikumbushe" lina "-sh-" ndani, kwa hiyo ni "remind me". Kupanga nyumba ni "rent". Kukodi baiskeli ni "hire" kwa Mwingereza, na Mmarekani yeye husema "rent" kwa vyote, kwa hiyo ukimsikia Mmarekani usidhani amekosea.

Kuna mahali Kiswahili kinakupa jibu bure kabisa. Chukua "say" na "tell", jozi inayowasumbua wanafunzi wa nchi nyingi. Wewe huwezi kusema "aliambia kwamba duka limefungwa". Sikio lako linakataa, kwa sababu kuambia kunataka mtu: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. "Tell" ndiyo kuambia, nayo inataka mtu: "she told me". "Say" ndiyo kusema, haimtaki mtu moja kwa moja: "she said that the shop is closed". Kwa hiyo "he said me" ni sawa na mtu kusema "alinisema" akikusudia "aliniambia", na unajua jinsi maana inavyogeuka hapo. Nje ya kanuni hii kuna vichache vya kuzoea, kama "tell a story" na "tell the truth". "Bring" na "take" ni hivyo hivyo: kuleta na kupeleka, basi. Na kwenye fedha Kiswahili kimekupangia vizuri sana: nauli ni "fare", ada ni "fee", bei ni "price", faini ni "fine". Kiingilio cha Kaole ni "entrance fee", wala si "entrance price".

Lakini usikiamini kila mahali. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya samaki, tunasikia wimbo. Kwao "hear" ni ya sauti peke yake. Njaa na baridi ni "feel" au "I am hungry", "I am cold", na harufu ni "smell". Pia tunasema "nieleze", mtu akiwa ndani ya kitenzi, ukatafsiri "explain me". Wao husema "explain to me", na hiyo "to" haikwepeki. "Tazama mlango huu" ni "look at this door", na hiyo "at" nayo haikwepeki. Mlango wa nakshi umetulia, kwa hiyo ni "look at". Wachezaji wa ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, wanakwenda, kwa hiyo ni "watch". "See" ni kuona tu, hata bila kukusudia.

Maneno mawili zaidi nitakuomba uyaangalie kwa sababu ya kazi yako. La kwanza ni "escort". Sisi mgeni tunamsindikiza, ni adabu, na Kiingereza cha mashuleni kwetu kimezoea "let me escort you". Kwa wageni wengi neno hilo linaleta picha ya askari wenye silaha, au ya mtu anayelipwa kumsindikiza mwingine kwa starehe. Sema "let me walk you to the gate". La pili ni "sorry". Mgeni akijikwaa kwenye ngazi za Ngome Kongwe, moyo wako unasema pole na ulimi unatoa "sorry". Yeye anaweza kudhani unakiri kosa, na atakujibu kwamba si kosa lako. Pole yetu ni pana, inakwenda kwa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyesafiri na anayefanya kazi. "Sorry" kama pole inafaa kwa aliyefiwa au mgonjwa. Kwa aliyejikwaa muulize "are you all right?", na kwa aliyechoka na safari mwambie "you must be tired". Huruma yako itafika yote.

Sasa "historic" na "historical". La pili ni pana: chochote kinachohusu historia au mambo yaliyopita. Picha za zamani zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya misheni ni "historical photographs". La kwanza ni la kuchagua: tukio au mahali palipoacha alama kubwa. Mfano unao mlangoni pako. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari hiyo ni "historic". Barua inayoieleza ni "historical document". Ukiteleza hapa hakuna atakayekulaumu sana, lakini ukipatia, anayekusaili atajua unafikiri kabla ya kusema.

Kosa linaloniudhi zaidi mimi ni "ancient". Waongoza watalii wanalimwaga hovyo. Linamfanya msikilizaji afikirie Misri ya mafarao au Roma, maelfu ya miaka. Kaole, ambako msikiti wake hutajwa kuwa wa karne ya 13, unaweza kulivumilia, ingawa mwanahistoria angesema "medieval". Boma la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19 ni "old" na linatosha hivyo. Ukiliita "ancient" mgeni anayejua ataanza kukutilia shaka hata kwenye yale uliyopatia.

Nimebakiza jozi ambayo hukuiuliza, na kwangu ina uzito kuliko zote: "slave" na "porter". Nimesikia mara nyingi, hapo hapo kwenye kituo cha misafara, kijana akiwaambia wageni kwamba waliobeba pembe za ndovu kutoka bara wote walikuwa "slaves". Kiswahili hakijawahi kuchanganya mtumwa na mpagazi. Biashara ya watumwa ilipita Bagamoyo, ni kweli na ni lazima isemwe bila kupunguzwa. Lakini sehemu kubwa ya waliobeba mizigo ya misafara, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira, ambao mara nyingi ulilipwa kwa nguo. Wapo watumwa waliobeba mizigo pia, kwa hiyo huwezi kufuta upande wowote. Ukimwita mpagazi "slave", umemwondolea mtu kazi yake, ujuzi wake na uhuru wake kwa neno moja, mbele ya wageni watakaorudi kwao na habari hiyo. Sema "porters" pale ulipokusudia wapagazi. Mgeni aliyepanda Kilimanjaro atakuelewa mara moja, maana huko wapo mpaka leo.

Umeuliza kama ukariri. Kwa mwezi mmoja ulio nao, hapana, isipokuwa yale machache yasiyo na mantiki. Chukua daftari, andika maneno yale tu unayoyatumia kwenye matembezi yako, na kila neno liandikie sentensi ya kitu unachokionyesha kila siku: mlango, nguzo, mbuyu, jahazi. Neno peke yake lisiandikwe. Kamusi yako usiitupe, inafaa kukupa mwanzo, lakini tafuta na ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa sababu hiyo huonyesha mifano. Ni ngumu wiki za mwanzo, sitakuficha. Programu za kutafsiri kwenye simu ni nzuri ukiipa sentensi nzima na ni dhaifu ukiipa neno moja, kwa sababu nayo haijui uko chini ya mbuyu au unaangalia umbo la nguzo. Wageni wenyewe ni walimu wazuri, ila wengi wana haya ya kusahihisha. Waombe mapema: "please correct my English". Yule mama alikufanyia wema mkubwa.

Yapo mambo ambayo barua haiyawezi. Ukipewa mkataba wa kazi kwa Kiingereza, usitegemee kamusi wala mimi. "May" na "shall" kwenye mkataba zinatenganisha ruhusa na wajibu, kwa hiyo mpelekee mwanasheria au mtu anayejua mikataba kabla hujatia sahihi. Na kama hata ukisoma Kiswahili herufi zinakuchezea au mistari inarukana, anza kwa kupima macho hospitalini.

La mwisho ni matamshi, nalo linataka sikio la mtu aliye mbele yako. Kiswahili kina irabu tano na hatutofautishi "i" fupi na "i" ndefu kama wao. Neno "beach" lina ile ndefu, na ukiifupisha linageuka tusi. Wewe neno hilo unalitamka mbele ya familia za watu kila siku. Kabla ya usaili mtafute mwalimu wa Kiingereza hapo Bagamoyo, au mwongoza watalii mkongwe aliyefanya kazi na wageni miaka mingi, umwombe atembee nawe matembezi kamili kama mgeni, kuanzia Ngome Kongwe mpaka ufukweni, asikukatize hata mara moja. Aandike kila alipokwama kukuelewa, kisha mkae mpitie neno moja moja, na siku ya pili mrudie njia ile ile.